Umebaki Mmoja Tu

Fundi cherehani alipenda mimea kuliko usingizi. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa, alipanga makopo yake ya mimea kibarazani na kuyamwagilia maji. Mmea wenye jani jipya aliusifu. Mmea ulionyauka aliukaripia kabisa, tena kwa sauti.

Siku moja mwalimu wa jirani alikuja kupimwa gauni. Alisimama katikati ya chumba, mikono juu.

"Fundi, umeuona mmea mpya wa wifi yako?" aliuliza. "Kila jani nusu jeupe pe, nusu kijani. Watu wanakwenda kusuka nywele, wanaishia kupiga nao picha."

"Sijauona," fundi alijibu, pini mdomoni.

Kweli hakuwa ameuona. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa mtaa wa pili tu. Zamani wawili hawa walibadilishana matawi ya mimea kila wiki. Lakini tangu mmea ule ufike, fundi hakukanyaga tena saluni. Hata akienda sokoni, alizunguka njia ya nyuma. Ulikuwa wivu, jamani, wivu mtupu. Mwenyewe aliujua, na hakuuacha.

Mwalimu alishtuka. Pini ilikuwa imemchoma ubavuni.

"Samahani," alisema fundi. Lakini hakusikitika sana.

Mchana alifungua simu yake. Akaona tangazo la muuzaji aliyejiita Malkia wa Majani. Palikuwa na picha ya mmea, jani nusu jeupe, nusu kijani. Chini yake paliandikwa: "Adimu sana. Duniani ipo kumi tu. Kwetu umebaki mmoja, pamoja na chungu chake cha kale. Watu ishirini wanautazama sasa hivi." Pembeni saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma.

Watu ishirini, na huenda wifi ni mmoja wao! Alituma haraka malipo ya kushikilia mmea. Pesa iliyobaki hakuwa nayo. Akaamua kuuza cherehani yake ya kufunga pindo.

Mume wake aliporudi kula, aliikuta cherehani mlangoni, imefungwa kamba.

"Unaiuza hii?" aliuliza. "Na sare za wanafunzi utazifunga pindo kwa meno?"

"Nitapeleka kwa fundi mwingine."

"Yaani kazi yako umpe mtu mwingine, wewe ubaki na jani?"

"Si jani tu. Ni mmea adimu."

"Mke wangu, hapa unashindana na dada yangu."

"Usimtaje dada yako hapa."

Mume hakula. Alitoka akaenda moja kwa moja saluni.

Muda mfupi baadaye mume alirudi na dada yake. Wifi alikuja kitana kikiwa kimechomekwa kichwani, mikono ikinuka mafuta ya nywele.

"Wifi, kumbe upo? Mimi nilijua umehama."

"Nipo. Kazi zimenizidi."

"Haya, nionyeshe huo mmea."

Fundi alimpa simu kwa furaha. Alimkazia macho usoni. Alitaka kuuona wivu ukimpata na yeye, angalau kidogo.

Wifi alitazama picha. Akaisogeza karibu. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Chungu cha kale! Wifi, hii ni sufuria ya mama, ile aliyoiunguza mpaka mpini ukakatika. Na hiki hapa nyuma si kioo cha saluni yangu? Huu ni mmea wangu. Niliweka picha kwenye kundi la wapenda mimea, huyu akaiiba. Ungepita kwangu hata siku moja, ungeitambua sufuria."

Uso wa fundi uliwaka moto. Lakini hakutaka kushindwa upesi.

"Labda picha ni yako, lakini mmea anao. Na ni adimu."

"Adimu gani? Ukikata tawi lake ukalipanda, linaota. Mimi mwenyewe nilipewa tawi na mteja, na nimeshagawa mengine. Kitu kinachoongezeka hivyo kitakuwaje kumi tu duniani? Amehesabu nani?"

"Na hii saa? Muda unaisha."

"Funga tangazo, ulifungue tena."

Fundi alifanya hivyo. Saa ikaanza upya, kama vile hakuna muda uliopita.

"Unaona? Inakuharakisha usipate nafasi ya kufikiri," alisema wifi. "Sasa mwombe video. Aonyeshe mmea, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mmea hashindwi."

Fundi aliandika ujumbe. Jibu likaja haraka: "Wanunuzi wa kweli hawaulizi maswali. Kuna mwingine analipia sasa."

"Mwambie huyo mwingine alipie," alisema wifi.

Fundi aliandika hivyo hivyo. Malkia wa Majani hakujibu tena. Walipojaribu kumpigia, namba haikupatikana. Malipo ya kushikilia nayo yakawa yamekwenda.

Walitoa taarifa kwa kampuni ya simu. Kisha, kwa simu ya wifi, fundi aliandika onyo kwenye kundi la wapenda mimea, kwa mkono wake mwenyewe, na aibu ikamtafuna.

"Kwa nini hukuniuliza?" wifi alisema kwa upole.

"Nilikuonea wivu."

"Nilijua. Na mimi nilifurahi kidogo kuonewa wivu." Wifi aliangalia chini. "Tawi lako nilikuwekea kwenye maji tangu mwanzo. Lilishaota mizizi. Nikasema, kwa kuwa hutaki kuja, na mimi silileti."

Mume aliifungua kamba, akairudisha cherehani mahali pake, halafu akaomba chakula chake.

Jioni hiyo fundi alikwenda saluni akalichukua. Tawi lilikua vizuri kibarazani kwa fundi. Likatoa jani jeupe kuliko hata la wifi. Wifi alipokuja kulitazama, alilitazama muda mrefu, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana mteja.

Jioni moja mama mmoja aliyefuata sare za mwanawe alisimama mbele ya mmea ule, mkono kifuani.

"Fundi, huu ni mzuri mno. Bila shaka ni adimu. Au uko huu mmoja tu?"

Fundi alimeza mate. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni, tamu kweli. Safari hii mtu alikuwa anamwonea wivu yeye.

"Si adimu," alisema kwa shida. "Chagua tawi, nikukatie."