Chaki Ndani ya Jino

Kila asubuhi, mama akiwa bado anapiga pasi sare, Chiriku alijifungia bafuni na kioo kidogo. Alikanda unga wa chaki na chingamu iliyokwisha utamu, kisha akashindilia donge hilo kwenye tundu la gego lake. Kwa mbali, jino lilionekana zima.

Nyumbani walimwita Chiriku kwa kupenda kuongea, lakini wiki hiyo alikuwa kimya. Kaka yake alikuwa amemwambia, "Jino likitoboka ni koleo tu. Watu wawili wanakushika, wa tatu anavuta."

Alhamisi, chai ya moto ilipenya chini ya donge. Kikombe kikamponyoka.

"Fungua kinywa," mama alisema.

"Si kitu, mama."

"Chiriku, fungua."

Saa mbili baadaye alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno. Daktari alichokoa donge, akaligeuzageuza.

"Na fundi aliyeziba hapa ni nani? Maana kaninyang'anya kazi."

Mama alicheka. Chiriku hakuweza. "Ni mimi. Utaling'oa?"

Daktari aligonga jino taratibu, akapuliza hewa, akainama tena.

"Tundu halijafika kwenye neva," alisema mwishowe. "Lakini chini ya donge lako uozo ulikuwa unakula kwa raha zake. Ungechelewa kidogo, tungeng'oa kweli."

Alimchoma sindano ya ganzi, akakwangua sehemu iliyooza tu. "Palipo pazima sipagusi, mwanangu." Kisha akapaka dawa laini yenye rangi ya jino, tabaka juu ya tabaka, kila moja akilimulika kwa taa ya buluu hadi likakauka na kuwa gumu. Chiriku alibana kidole cha mama muda wote. Alipojitazama kwenye kioo, hakuona kiraka kilipoanzia.

"Tundu halikunikasirisha," mama alimwambia. "Kilichoniuma ni wewe kuumwa peke yako, na nyumba imejaa watu."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Basi... na hapa juu pananichoma nikinywa maji baridi."

Daktari alikuwa ameshavua glavu. Alichukua nyingine, akavuta kigoda chake.

"Hapo umesema. Ugonjwa ukitajwa mapema, kazi yangu huwa ndogo na maumivu yako huwa madogo. Haya, panua kinywa."