Mshonaji na Kinyago cha Malkia

Kitendawili! Haya, natega: kinywa changu wazi mchana kutwa, chakula sikijui, nalia, chozi halinitoki. Mmeshindwa? Nipeni mji. Basi, ni kinyago cha mwigizaji.

Zama zile Warumi walipoitawala nchi ya Wayunani, waigizaji walikuwa wanaume watupu. Hata malkia aliigizwa na mwanamume, kinyago usoni, joho la zambarau hadi visiginoni. Katika mji wa Korthina, aliyeyashona majoho hayo ni Mirto. Mumewe, Nikareto, alikuwa amefukuzwa na liwali wa Kirumi kwa kumfanyia mzaha jukwaani. Akirudi, shingo yake ni halali ya upanga.

Siku ya sikukuu ya mungu wa divai, waigizaji waliposhindana, Mirto alikuwa akimfunga mwigizaji mgeni, aliyekuja amejitanda uso, kinyago cha malkia, mara mgeni yule akanong'ona, "Taratibu, mke wangu. Utaninyonga kabla ya liwali."

Mirto akaiacha kamba ya kinyago. "Nikareto! Umekuja kufa?"

"Nimekuja kukuchukua. Utafuatana nami, uiache nyumba aliyokuachia mamako?"

Tarumbeta ikalia. Mirto akamsukuma. "Nenda! Na uigize vibaya. Mshindi huvuliwa kinyago mbele ya watu wote."

Lakini mazoea yana taabu. Nikareto alipoanza kumlilia mfalme aliyepotelea vitani, alisahau kila kitu. Wanawake walilia, askari wakafuta macho, liwali mwenyewe akajikohoza. Mpiga mbiu akapaza sauti: "Malkia ameshinda! Aje avikwe taji!"

"Mjinga wewe!" Mirto alimwambia nyuma ya pazia, huku anamvua joho na kinyago. "Pita mlango wa nyuma. Kimbia!"

Akalivaa yeye, na kinyago juu yake, akatoka kwa madaha. Kuhani wa sikukuu alipomfunua uso, mji mzima ulishika vichwa.

"Mshona nguo! Kumbe ndiye aliyetutoa machozi!"

Liwali alicheka akashika mbavu. Kuhani hakucheka. "Mwanamke aliyekanyaga jukwaa hili hana tena mji. Toka, usirudi."

Mirto alipita nyumbani, akagusa kizingiti, akachukua sindano zake, akatoka langoni. Penye mizeituni alimkuta Nikareto ameketi juu ya jiwe, kichwa chini.

"Nimesikia kwa wapita njia, umepoteza nyumba kwa ajili yangu," Nikareto akasema.

Mirto akaketi kando yake, akamfuta vumbi usoni kwa upindo wa shuka yake ya sufu.

"Uliniuliza kama nitafuatana nawe," alisema. "Nitafuatana, mume wangu. Hata wasingenifukuza, ningefuatana."