Rashi ya Uongo

Zuhra alikutana na Ngusa karashani, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, asubuhi moja mashine zinasaga mawe na kila mtu anapiga kelele ili asikike. Alikuwa amevaa dera la zambarau, na ndoo ya maandazi mkononi. Kijana wa watu alikuwa mweupe pe kwa vumbi, kope mpaka mabuti.

"Mwangaluka, mayu!" Ngusa alimsalimia Kisukuma.

"Mimi si mama yako."

"Basi mama wa wanangu. Nipe manne."

"Manne hayamshibishi mwanaume mwenye mdomo kama huo."

Ngusa akacheka, na Zuhra akawa amekwisha. Mapenzi ni kipofu, wanasema. Lakini angalau yangekuwa na pua, yangenusa gongo mapema.

Siku hizo Ngusa alikunywa kifuniko kimoja tu cha gongo kabla ya kushuka duarani, kuondoa woga wa shimo, kama wafanyavyo wachimbaji wengi. Kisha duara likamwangukia mwenzake, Kalisti, na Ngusa ndiye aliyemfukua kwa mikono yake, akiwa tayari maiti. Kifuniko kikawa chupa. Mwaka wa pili sasa hachimbi, anakunywa tu. Juzi Zuhra alimkuta amelala barabarani, lori la mawe limefunga breki hatua mbili kutoka kichwani kwake, dereva anatukana. Alijua safari ijayo atakuta maiti.

"Twende ukatibiwe," alishasema mpaka akachoka, akaambulia matusi. Akatumia neno ambalo mchimbaji hata awe mahututi ataamka: rashi, dhahabu mpya.

"Imelipuka jirani na Shinyanga mjini, mpenzi. Watu wanaokota juu juu."

"Nani kasema?"

"Wateja wangu wote wanafungasha."

Ngusa akafungasha nyundo na tindo. Ndani ya basi mikono ilimtetemeka kwa kukosa gongo, lakini usoni alikuwa na matumaini ambayo Zuhra hakuwahi kuyaona tangu Kalisti azikwe. Zuhra alijichukia njia nzima.

Walishuka mbele ya geti la bluu lenye kibao: Nyumba ya Upataji Nafuu kwa Walevi. Mlezi wa nyumba, mzee Sostenes, ambaye naye alishawahi kuwa mlevi, alimtazama Ngusa machoni.

"Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

Ngusa akasoma kibao. Akamgeukia Zuhra taratibu.

"Umenichezea rashi? Mimi?"

"Ngusa, mpenzi wangu..."

Lakini Ngusa alishaondoka. Zuhra akapiga magoti. "Baba, nakuomba, mkamateni!"

"Hatukamati mtu, binti yangu. Aliyeletwa kwa uongo huruka ukuta siku ya tatu."

Simu ikaita. Alikuwa Ngusa.

"Niko kilabuni, ng'ambo ya barabara. Glasi iko mezani. Sema, rashi ipo?"

"Haipo."

"Sema kingine cha kweli."

Zuhra akafumba macho. "Nakupenda. Na nimechoka. Ukilewa nakuogopa. Ukirudi Nyarugusu leo, mimi naenda kwetu Kahama, usinitafute tena."

Zuhra akabana simu sikioni. Akasikia mwanamke wa kilabuni akiuliza, "Vipi kaka, hunywi?" Kisha simu ikakatika.

Zuhra alisimama juani akilia bila aibu, kitenge kimemteleza kichwani. Dakika kumi. Ishirini. Mwishowe Ngusa akatokea akivuka barabara, midomo imemkauka. Zuhra akamsogelea, akamnusa kama mama anavyomnusa mtoto. Jasho tu.

"Nimekuja mwenyewe," Ngusa alimwambia Sostenes.

Akaambiwa simu inabaki getini. Atakaa miezi minne, na mwezi wa kwanza haruhusiwi kupata wageni. Muuguzi akamshika mkono. Ngusa akageuka.

"Utanisubiri, Zuhra?"

"Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni, tamu na rahisi. Akakumbuka uongo wa rashi, akalimeza neno hilo.

"Sijui, Ngusa. Kweli tupu, sijui."

Ngusa akaitikia kwa kichwa, akaingia.