Mkosi wa Alfajiri

Alfajiri hiyo mtu wa kwanza kusimama kwenye kizimba cha Khoat, katika soko la bata nje kidogo ya Hanoi, alikuwa msichana mwenye buti za mpira na koti jeupe.

"Nikukamatie yupi, dada?"

"Sinunui. Nawapangusa koo tu. Tunatafuta virusi vya mafua ya ndege, visije vikahamia kwa watu."

Mteja wa kwanza hanunui! Siku imeoza hiyo. Msichana alipogeuka na vijiti vyake ishirini vya pamba, akamkuta Khoat anachoma gazeti nyuma yake.

"Unanifukiza, kaka?"

"Nafukuza mkosi wako."

Alicheka mpaka barakoa ikamteleza. Khoat akaona vishimo vya mashavuni, akauzima moto kwa kandambili.

Aliitwa Diep. Wiki nzima walipigiana simu.

"Mimi hunipangusi koo, mpenzi?"

"We mzima kama nyati. Lala."

Kesho yake wakaja wanaume wenye mavazi meupe mpaka usoni. Bata mia tatu wa Khoat wakauawa, wakafukiwa kwa chokaa. Vijiti vilikuwa vimeonyesha virusi, na usiku ule alipomwambia kwenye simu alale, Diep alikuwa anajua! Khoat akazima simu.

Miezi miwili baadaye alirudi sokoni na bata wapya, waliochanjwa. Kabla hajafungua kizimba vizuri, Diep huyo, amesimama.

"Ulijua, ukanyamaza."

"Nilijua. Karatasi niliisaini mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewauza usiku uleule. Kataa."

Khoat alijijua. Angewauza, tena kabla ya saa nne.

"Wangeliwa na watoto wa watu, Khoat. Hata leo ningesaini. Na chanjo ya hawa wako wapya, tumeipima kwa kirusi kilichotoka kwenye vile vijiti ishirini."

"Umekuja kunisomesha?"

"Nimekuja kununua. Nipe wawili wanono."

Mkono wa Khoat ulikuwa umeshashika kiberiti mfukoni. Akakiachia.

"Wawili? Si unaishi peke yako?"

"Mmoja wangu. Mwingine mpelekee mama yako, mwambie ni nani kakufungulia biashara leo." Akachomoa kijiti cha pamba. "Ila kwanza panua mdomo. Ulishika bata wagonjwa, na mimi siolewi na mtu ambaye sijampima."

Khoat akapanua mdomo, soko zima likimtazama.