Vitone Vilivyokataa Kunyooshwa

Walikutana kaunta ya idara ya maji, watu wamebanana, kila mtu anadai ahudumiwe yeye. Mtakwimu, aliyeletwa kwa mkataba kuchunguza ugonjwa wa kuhara mjini, alivaa gauni la kijani, miwani ikimteleza puani. Mpima ardhi, mfanyakazi wa idara hiyohiyo, alimvuta pembeni akamtafutia kiti.

"Watu wote hawa umeniona mimi tu?"

"Macho yangu mazima, bibie."

Haukupita mwezi, wakawa hawamalizi siku bila kupigiana simu. Mpima akawa anamwekea kwenye ramani nyumba za wagonjwa wa kuhara, kila nyumba kitone. Mtakwimu akaona vitone vinafuata mstari uliopinda, unaokatiza mitaa bila kujali barabara. Kwa kompyuta alivitawanya ovyo mara elfu, aone kama mstari ule ungetokea kwa bahati tu. Mstari ule haukutokea hata mara moja. Chini yake, akasema, kuna bomba kuukuu limeoza.

Mkuu wa idara alicheka. Wenye vyeo, ukiwaonyesha wasilolijua, hucheka kwanza. Akampa hadi Ijumaa alete ushahidi au afungashe virago.

Alhamisi ramani kamili ikaja kutoka kwa Mpima. Mstari haupo! Vitone vyote vimejipanga barabarani. Akampigia Mpima.

"Umenifanya nini?"

"Nimekusafishia, mpenzi. Vingine vilikuwa vichochoroni huko. Idarani kila nyumba tunaiandika kwenye barabara iliyo karibu nayo, basi nikavisogeza."

"Au mkuu kakutuma?"

"Mimi? Nikuuze wewe?"

"Usinipigie tena!"

Alilia, akanawa uso, na Ijumaa akaingia kikaoni mikono mitupu, kichwa juu.

"Ushahidi uko wapi?" mkuu akauliza.

"Mstari upo. Nifukuze, bado utakuwepo."

Simu yake ikalia. Alitaka kuikata, akaipokea, akafungua spika.

"Nilikosea, mpenzi, ila sikukuuza. Nimevirudisha vitone vilipokuwa, nikachimba pale vilipobanana zaidi. Bomba ninalo hapa, limetoboka, linanyonya maji ya choo!"

"Nani kakuruhusu kuchimba?" mkuu akafoka.

"Sikuomba ruhusa, mzee."

"Basi huna kazi!"

"Sawa. Shimo liko wazi na mtaa mzima unachungulia." Kisha sauti ikapungua. "Mpenzi, upo? Sina kazi, nina tope hadi kiunoni. Utakubali nikuoe hivihivi?"

Kikao kizima kikamgeukia. Mtakwimu alivuta mkoba wake.

"Nimekubali. Na hilo shimo usilifukie," akasema, akimtazama mkuu usoni. "Namleta huyu alione."