Kabla ya Kubonyeza Y

Mwaka wa 1997 Wacera alikuwa karani katika ofisi ya parokia moja mjini Karatina. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua, ratiba za ibada na vyeti vya ubatizo. Ofisi ilipoletewa kompyuta mpya ya mezani, padri alimpa Wacera ile ya zamani. Ilikuwa laptop, yaani kompyuta ndogo ya kukunja kama kitabu. Betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo ilifanya kazi ikiwa imechomekwa kwenye umeme tu. Hata hivyo, Wacera aliishukuru.

Aliipeleka nyumbani kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu juu ya mji. Aliishi huko na mume wake, Mwalimu Moffat, na mama mkwe wake, Kabura. Watoto walikuwa shule ya bweni.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Kabura aliketi jikoni akimenya viazi. Wacera aliiweka laptop mezani. Kabura alisimulia na Wacera akaandika.

Kabura alisimulia mambo ya Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, enzi za ukoloni wa Waingereza. Wakati huo watu wa sehemu yao walitolewa makwao kwa nguvu. Walifungiwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki. Njaa na magonjwa viliua wengi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, kwa hiyo wanawake ndio waliochimba makaburi. Kabura alikuwa mmoja wao. Hakuna msalaba uliowekwa. Baadaye handaki lilifukiwa, mashamba yakagawanywa, na kahawa ikapandwa juu ya makaburi.

Kabura hakujua kusoma wala kuandika. Lakini aliwakumbuka marehemu thelathini na wanane kwa majina, na alijua kila mmoja alilazwa wapi. Alipima kwa hatua.

"Simama kwenye jiwe kubwa la mtoni," alisema siku moja. "Panda hatua arobaini. Hapo ndipo tulimlaza mtoto wa Wangeci. Tulimfunika kwa gunia kwa sababu blanketi ilihitajika na walio hai."

Watu walianza kusikia habari hizo. Wengine walikuja kumuuliza Kabura kuhusu baba zao na dada zao. Aliwaambia wangoje kidogo, kwani mke wa mwanawe alikuwa anaandika kila kitu. Wacera naye alitaka kumaliza yote kwanza, kisha achape kitabu kimoja kizuri. Kwa mwaka mzima hakuchapa hata ukurasa mmoja. Hakunakili neno lolote kwenye disketi. Maneno yote ya Kabura yalikuwa ndani ya laptop ile tu.

Mwezi wa Julai, wakati wa baridi, Kabura alianguka akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa amepata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea na ulimi wake ukawa mzito. Alipelekwa hospitalini Nyeri. Daktari alisema kwamba usemi ungeweza kurudi kidogo, au usirudi kabisa. Wacera aliomba ruhusa kazini akakaa naye siku tisa.

Siku ya pili, Moffat aliwasha laptop nyumbani. Alitaka kusoma maneno ya mama yake. Lakini kioo kilikuwa cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ulisema kwamba mfumo wa kuendesha kompyuta haukupatikana. Alizima akawasha tena. Mstari ukarudi ule ule.

Moffat alimweleza Peterson, mwalimu mwenzake aliyejua kompyuta kidogo. Peterson alisema dawa ni kuweka mfumo upya. Alimpa disketi tisa zilizofungwa kwa mpira, na karatasi yenye hatua za kufuata. Hatua ya kwanza ilikuwa kufomati, yaani kuiandaa upya diski ya ndani.

Moffat alifurahi. Alitaka mke wake arudi akute mashine imepona. Aliingiza disketi ya kwanza, akaandika neno la kufomati kama alivyoelekezwa. Kabla ya kuanza, kompyuta ilimwonya. Ilisema kwamba kila kilichokuwa kwenye diski ya ndani kingepotea. Iliuliza kama aendelee: Y kwa ndiyo, N kwa hapana.

Moffat aliyasoma maneno hayo na aliyaelewa. Lakini alifikiri kitakachopotea ni ule mfumo mbovu. Alibonyeza Y.

Kisha akaingiza disketi moja baada ya nyingine, mpaka ya tisa. Ilimchukua mchana mzima. Mwishowe laptop iliwaka vizuri.

Wacera aliporudi na Kabura nyumbani, Moffat alimwonyesha kazi yake. Wacera alifungua mahali alipokuwa akiweka maandishi. Hapakuwa na kitu. Alitafuta kwa jina la Kabura. Alitafuta kwa tarehe. Kisha alimuuliza mume wake alifanya nini hasa, na Moffat akamweleza hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye Y. Hapo akaelewa.

Wacera hakupiga kelele. Alisema, "Mama hawezi kusema tena. Ulijua hivyo."

Jumamosi iliyofuata walienda Nyeri mjini. Huko kulikuwa na duka la vifaa vya ofisi la mzee Jitu. Binti yake Lalita alifundisha kompyuta katika chumba cha nyuma. Wacera aliwahi kusoma kwake wiki mbili. Lalita aliipokea laptop, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuipekua kwa programu zake. Walingoja kwenye benchi kwa muda wa saa tatu.

Alipowaita, kwenye kioo kulikuwa na alama za ajabu na vipande vya maneno. Kimoja kilisema "mvua ilinyesha siku". Kingine kilisema "wanawake sita". Hakukuwa na jina hata moja.

"Hii tu ndiyo nimepata," Lalita alisema. "Mwalimu, kama ungeacha baada ya kufomati, ukaniletea hivyo hivyo, labda ningerudisha mengi. Lakini uliandika mfumo mpya juu yake."

Moffat aliuliza kama kulikuwa na njia nyingine tangu mwanzo. Lalita alisita. Wacera alimwambia aseme tu.

"Maandishi hayakuwa na shida," Lalita alisema. "Kilichoharibika ni ile sehemu ndogo ya kuamsha kompyuta. Hiyo kitu ilitaka disketi moja tu. Unaamsha kompyuta kwa disketi, unairudishia hiyo sehemu, basi. Ni kazi ya dakika moja."

Lalita alivuta kiti akakaa karibu nao. Alisema hakutaka warudi nyumbani na uchungu tu.

Aliwaeleza kwamba ndani ya kompyuta kuna vitu viwili tofauti. Kuna mfumo, ambao kazi yake ni kuiendesha mashine. Na kuna maandishi ya mwenyewe. Mfumo ukiharibika, unaweza kuwekwa mwingine, kwa sababu disketi zake zipo madukani. Maandishi yako hayauzwi popote.

"Kwa hivyo kompyuta ikikataa kuamka, usikimbilie kufomati," alisema. "Iamshe na disketi ya mfumo. Halafu angalia ndani, uone kama maandishi yako iko. Yakiwa iko, yanakili kwenye disketi. Peleka hiyo disketi kwa kompyuta nyingine na uifungue. Usiamini mpaka usome na macho yako. Hapo ndipo unaweza kuweka mfumo mpya."

Wacera alikuwa anaandika kwenye daftari. Lalita aliongeza kwamba disketi za kuazima huweza kubeba virusi. Alisema zipimwe kwanza, na kile kidude cha pembeni kisukumwe ili kompyuta isome bila kuandika juu yake. Tena alionya kuhusu umeme: mashine isiyo na betri isianzishiwe kazi hiyo siku ambayo stima inapoteapotea.

"Na ikikuuliza swali, ondoa mkono," alisema. "Soma mara mbili. Kama hujui, bonyeza N. Ukibonyeza N leo, bado unaweza kubonyeza Y kesho."

Wacera aliuliza kuhusu nakala. Alikiri kwamba alikaa mwaka mzima bila kutengeneza hata moja. Aliongea huku akimtazama Lalita, lakini Moffat alijua kwamba alikuwa akimwambia yeye pia, kuwa kosa halikuwa lake peke yake. Lalita alisema nakala ziwe mbili na zisikae nyumba moja, kwani moto na mwizi havichagui disketi. Na jambo kubwa lichapwe pia kwenye karatasi.

Walirudi nyumbani.

Wacera alijaribu kuandika alichokumbuka. Alikumbuka majina kumi na manne. Lakini hatua alizichanganya. Zilikuwa arobaini kutoka jiwe, au arobaini kutoka njia? Aliandika akafuta, akaandika akafuta.

Ndipo Moffat alipomtaja Wamucii, mwanamke pekee, mbali na Kabura, aliyekuwa bado hai kati ya wale waliochimba makaburi. Alikuwa mzee kuliko Kabura, na watu wote walimwita cucu, yaani nyanya. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alikubali kusimulia. Kila Jumapili Moffat alimfuata kwake na kumleta kwa mkono. Wamucii alisimulia na Wacera akaandika. Kila walipomaliza, Wacera alinakili maneno hayo kwenye disketi mbili, akaandika tarehe juu yake. Moja ilikaa kabatini ofisini. Nyingine Moffat aliipeleka shuleni. Kila Jumatatu Wacera aliyachapa maneno hayo ofisini.

Mwezi wa Novemba laptop ilikataa kuwaka tena. Safari hii Moffat hakuigusa. Waliipeleka wote wawili kwa Lalita, naye akasema wafanye wenyewe huku yeye akiangalia. Waliiamsha kwa disketi. Waliangalia ndani. Walinakili kilichokuwepo, wakakifungua kwenye kompyuta ya duka, wakakisoma. Lalita alipima, akasema safari hii mfumo wote ulikuwa umeharibika, kwa hiyo kufomati kulihitajika kweli. Lile swali likatokea. Moffat alilisoma mara mbili. Kisha akaondoa mkono akamwambia Wacera abonyeze yeye.

Jioni maandishi yote yalikuwa yamerudishwa mahali pake. Hakuna neno lililopotea.

Wamucii alifariki mwezi wa Februari. Alikuwa ameacha majina kumi na saba na mahali pao. Familia tano zilikuja kuomba karatasi za watu wao. Mwanamume mmoja alipima hatua katika shamba la jirani, na jirani akamruhusu kung'oa miti miwili ya kahawa ili aweke msalaba wa mama yake. Alirudi kumshukuru Wacera, akamshika mkono kwa muda mrefu.

Jumapili moja baada ya hapo, Wacera alimsomea Kabura kurasa hizo. Kabura alikuwa ameketi kitini, shuka miguuni. Alisikiliza mpaka Wacera alipofika kwa mama wa yule mwanamume. Hapo akatikisa kichwa, kama anayekataa.

Wacera aliacha kusoma. Alimuuliza kama jina lilikuwa na makosa. Kabura akatikisa kichwa. Alimuuliza kama ni mahali. Akatikisa kichwa. Moffat alipiga magoti mbele yake akamuuliza kama ni upande wa mtoni, kama ni upande wa barabara, kama ni karibu na jiwe. Kabura alitikisa kichwa kwa kila swali. Mwishowe Moffat alimuuliza kama yeye ni mwanawe, naye akatikisa kichwa vile vile, machozi yakimtoka.

Hawakujua kama alikuwa anasahihisha kosa, au kama kichwa chake hakikujua tena kusema ndiyo.

Wacera alifungua laptop. Chini ya jina lile aliandika: "Kabura alikataa hapa. Hakuweza kusema ni wapi." Alinakili ukurasa huo kwenye disketi mbili, akampa Moffat moja ya kupeleka shuleni. Kabura aliwatazama mpaka walipomaliza. Kisha akageuza uso ukutani.