Mikanda Myeusi kwenye Televisheni ya Fundi Amisi

Kila alipotoka shuleni, Mounira alianza kwa kufagia atelie ya baba yake, chumba cha mbele cha nyumba yao huko Makomeno. Baba yake, Amisi, alikuwa fundi cherehani, na sakafu yake haikukosa nyuzi wala vipande vya vitenge. Lakini ole wake aliyefagia na kutupa ovyo! Amisi hakupenda kitu kipotee bure. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiliwekwa kando, kwani kesho kingekuwa mfuko wa shati au kiraka cha suruali. Mounira alizoea kumtania kwamba siku moja atashona hata vumbi.

Ijumaa hiyo alikuta cherehani imenyamaza. Baba yake alikuwa sebuleni, mbele ya televisheni mpya, pamoja na Bibi Habiba.

Bibi Habiba alikuwa mama yake Amisi. Mdogo wake Bibi, Rehema, alikuwa amefariki hivi karibuni, na Jumapili jamaa wangekusanyika hapo nyumbani kwa dua ya arobaini. Picha zote za marehemu zilikuwa zimeharibiwa na mvua. Ilibaki kaseti moja tu ya video, ya harusi ya Amisi, ambamo Rehema alionekana akigawa chakula na kucheka na wageni. Amisi alimpelekea Moustapha, kijana anayehamisha kaseti za zamani, naye akaiweka harusi nzima kwenye kle, kidude kidogo kinachochomekwa nyuma ya televisheni.

"Mounira, kuya hapa ukae," Bibi alimwita. "Leo utaona vile mudogo yangu alikuwa anatembea."

Filamu ilianza. Picha ilikaa katikati ya kioo, na kila upande, kulia na kushoto, palikuwa na mkanda mmoja mweusi kutoka juu hadi chini. Amisi alikunja uso.

"Ile nyeusi iko nini?" aliuliza. "Nilinunua tele muzima, na picha inakaa tu katikati. Mupira iko inajaa kioo yote. Juu ya nini harusi yangu isijae?"

Akachukua telekomande, akabonyeza kitufe kilichoandikwa FORMAT, akabonyeza tena, mpaka picha ikatanuka na mikanda ikatoweka.

"Voilà," alisema, akaegemea kiti kwa raha ya mtu asiyepunjwa.

Punde mwanamke aliyebeba sinia la pilau akapita mbele ya kamera. Bibi Habiba alisogea, akakaza macho.

"Huyu ni nani?"

"Huyu njo Mama Rehema, Mama," Amisi alijibu.

"Hapana. Rehema alikuwa mwembamba, shingo yake murefu. Huyu iko mupana sawa kabati." Akajifuta macho kwa mtandio. "Moustapha aliharibu kaseti yangu."

Amisi alipandwa na hasira. Hapo hapo akampigia simu Moustapha, akamwambia kwamba amewaharibia kumbukumbu ya marehemu. Moustapha aliapa kwamba hakugusa kitu, lakini Amisi alikata simu kabla hajamaliza.

"Zima," Bibi alisema. "Jumapili musionyeshe ile kintu mbele ya bantu." Kisha akamshika Mounira mkono. "Mujukuu yangu, sura yake iko inaanza kunikimbia. Nilifikiri leo nitaishika."

Mounira alimwonea uchungu sana. Lakini swali moja lilimkaa kichwani na halikutaka kutoka: mashine inawezaje kumnenepesha mtu?

Asubuhi ya Jumamosi alimwomba baba yake ruhusa ya kuitazama tena filamu ile. "Ukipenda kupoteza muda, shauri yako," Amisi alimjibu, miguu ikikanyaga cherehani.

Mounira alitazama kwa makini, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kushangaa. Si Bibi Rehema peke yake aliyenenepa. Bwana harusi alikuwa mnene. Bibi harusi, yaani mama yake Mounira, ambaye hata leo ni mwembamba, alikuwa na mabega ya mbeba mizigo. Hata mbuzi aliyefungwa uani alionekana ameshiba kupita kiasi. Kisha akaliona lile sinia. Lilikuwa na umbo la yai.

Sinia hilo alilijua vizuri, maana lilikuwa bado jikoni. Alichukua utepe wa kupimia wa baba yake, akakimbia kulipima huku na huku. Lilikuwa duara kamili. Aliporudi sebuleni alisimamisha filamu na kupima sinia la kwenye kioo: upana ulizidi kimo, tena kwa mbali.

"Muntu anaweza kunona," alijisemea, "lakini sinia haiwezi."

Basi akaanza kubonyeza FORMAT. Mara ya kwanza kioo kilijaa na sinia likawa duara, lakini vichwa vya wageni vilikatika juu na miguu ikapotea chini. Alibonyeza tena. Mikanda myeusi ikarudi kulia na kushoto, sinia likabaki duara, na hakuna aliyekosa kichwa wala miguu.

Hapo angeweza kuridhika, lakini Mounira hakuwa mtoto wa kuridhika upesi. Alitaka kujua ule weusi unatoka wapi. Akakumbuka televisheni ya zamani, ile yenye tumbo kubwa nyuma, ambayo ilikufa siku nyingi na sasa ilibeba makopo ya nyuzi kwenye atelie. Alipima kioo chake. Ukigawa upana wake mafungu manne, kimo kilikuwa mafungu matatu. Alikwenda kupima picha iliyokuwa katikati ya ile mikanda: nne kwa tatu pia! Televisheni mpya ilikuwa kumi na sita kwa tisa, pana zaidi. Mounira alicheka peke yake kwa furaha, akamfuata baba yake.

"Baba, muteja akileta kitenge mufupi, unafanya namna gani?"

"Ninamwambia iko mufupi."

"Hauivute?"

"Kitenge habaivute, Mounira. Maua yote itapinda. Hata kukata..." Mguu wa Amisi ulisimama juu ya cherehani. Alimtazama binti yake, kisha utepe uliokuwa mkononi mwake. "Nionyeshe," alisema.

Mounira alimwonyesha yote, kuanzia sinia hadi televisheni ya tumbo. "Mupira ya leo banaikamata picha na kamera ya kioo pana," alieleza. "Harusi yenu baliikamata picha na kamera ya wakati ya ile tele ya zamani. Njo maana inabakia nafasi pembeni."

"Na zile filme zenye nyeusi juu na chini?"

"Zile ziko pana kupita hata tele yetu. Tele inazipunguza ziingie zote, nafasi inabakia juu na chini."

Amisi aliguna, akajikuna kichwa. "Kumbe jana nilivuta mama mudogo yangu sawa kitambaa," alisema, na kweli aliona haya. Alichukua simu. "Moustapha, ndugu yangu, kosa iko yangu. Kazi yako iko sawa. Unisamehe, na kesho ukuye kula na sisi."

Jumapili, dua ilipokwisha na watu walipokula, Amisi alimwendea mama yake. "Mama, angaria kidogo tu. Kama haiko Rehema, nitazima mimi mwenyewe."

Bibi Habiba alikubali kwa shingo upande. Aliketi akitazama mikono yake. Filamu ilipoanza, Yassine, mjomba wa Mounira, alilalamika: "Shemeji, tele yako ilikufa pembeni? Jaza picha bwana, tuone muzuri."

"Haikufa," Amisi alijibu. Aligeuka ili hata watoto wasikie. "Miye niko fundi, kila siku ninapima mbele ya kukata. Lakini Ijumaa sikupima. Niliona kintu sikijue, nikasema imeharibika, nikamusemea mubaya Moustapha huyu, nikamufanya mama yangu alie. Mounira aliuliza, akapima, akajua. Kuuliza si ujinga, batoto. Kintu haukijue, usikiite kibovu. Ukiangarie kwanza, umuulize mwenye kujua, na kama ulikosa..."

"Amisi, nyamaza," Bibi Habiba alisema. Alikuwa amesimama, machozi yakimtoka na huku anacheka. "Rehema iko anapita."